Mpokea Simu za Hatari Naye ni Mwokoaji



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya wafanya kazi wenzetu ambao hatuwaoni. Ni wale wapokeao simu za hatari, wa kwanza kujibu mtu anapopiga 999.

Sisi watu wa reli twaijua kazi ya namna hii. Mwenye kuongoza treni kwa simu haioni treni, lakini akikosea neno moja, treni mbili zaweza kukutana katika njia moja.

Mwezi wa Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake 5. Jirani alipiga simu kuwaita wazima moto, lakini simu yake ikangojeshwa pamoja na simu za kawaida. Watu wakalalamika, na tarehe 30 Juni 1937 London ikapata namba 999. Simu hiyo ikiingia, taa nyekundu iliwaka, na mpokeaji akaijibu kabla ya nyingine zote.

Basi kazi yake si kusema "haloo" tu. Kwanza auliza mahali, ili hata simu ikikatika, gari lijue pa kwenda. Kisha auliza mambo yalivyo. Ikiwa mtu ameanguka na moyo umesimama, humwelekeza aliyepiga simu akandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, naye huhesabu pamoja naye mpaka msaada ufike. Hapo simu hukatwa, na mara nyingi hajui kama mgonjwa alipona au alikufa. Simu nyingine yalia.

Je, mtu huyu ahesabiwa kuwa nani? Huko Marekani, orodha ya kazi ya serikali ya mwaka 2018 iliwaweka katika fungu la makarani, si pamoja na polisi na wazima moto. Wengi wao hawakukubali, na mwaka 2019 mswada ulipelekwa bungeni ili wabadilishiwe fungu. Ndugu zangu, jina la kazi si maneno matupu. Mtu akiitwa karani tu, nani atamkubalia apumzike baada ya kusikia mtoto akikata roho?

Naomba mambo mawili. La kwanza, ukipiga 999, taja mahali kwanza, ujibu unayoulizwa, wala usimtukane. La pili, wenzetu hawa wakidai haki yao, tusiseme kuwa hao ni watu wa kukaa kitini. Tusimame nao.