Chanjo, Barakoa na Lango la Chuo cha Umma



Ada ya chuo huku kwetu hutoka katika korosho. Mzazi husubiri mnada, husubiri malipo ya chama cha msingi, kisha humpeleka mtoto Chuo cha Ualimu Kitangali, chuo cha uuguzi Newala au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi. Ikitokea mwanafunzi wa chuo chochote akarudishwa langoni kwa kukosa cheti cha chanjo, hupotea muhula na fedha ya msimu mzima. Ndiyo maana tunalihesabu jambo hili kuwa la mtumiaji wa huduma, wala si la daktari peke yake.

Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, Serikali ilitamka kwamba ni ya hiari. Mkuu wa chuo cha umma hutumia madaraka ya Serikali hiyo hiyo. Kwa maoni yetu, hawezi kuigeuza hiari kuwa sharti la kuingia darasani kwa tangazo la ubaoni. Hata hivyo haki ya mwanafunzi ina mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba huhifadhi nafsi ya mtu na maisha yake binafsi, lakini Ibara ya 30 huruhusu sheria kuzipunguza haki kwa ajili ya afya ya jamii, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 huzipa mamlaka za afya uwezo wa kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo ni hili: agizo hili limetolewa chini ya sheria ipi? Majirani zetu wa Kenya waliliuliza mahakamani. Mwaka 2021 Wizara yao ya Afya ilitangaza kuwa asiyechanjwa angenyimwa huduma za Serikali kuanzia tarehe 21 Desemba. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyo haijafika.

Barakoa ni habari nyingine. Wamakonde, wachongaji wa mapiko, hawahitaji kufundishwa kuwa kinachovaliwa usoni huvuliwa ngoma ikiisha, chanjo haivuliwi. Kuagiza barakoa wakati wa mlipuko, kwa muda unaojulikana, twaona ni haki, mradi asiyeweza kununua asifukuzwe na mwenye pumu asikilizwe. Naye mwanafunzi wa uuguzi aingiapo wodini hufuata kanuni za kinga za hospitali kama muuguzi yeyote. Akitakiwa kuchanja homa ya ini B, asidhani anaonewa: atashika damu za watu.

Wengi husahau cheti chenyewe. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kubandika ukutani majina ya wasiochanjwa ni kosa la kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ukizuiwa langoni, usigombane na mlinzi, yeye ametumwa. Omba agizo kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi. Mwandikie mkuu wa chuo, ukiambatanisha stakabadhi ya ada na maelekezo ya kujiunga, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma.