Mtego usio na mwenyewe

Leo nataka tuzungumze juu ya waya. Nazungumzia ule waya mwembamba wa breki ya baiskeli, ambao ukikunjwa kitanzi na kufungwa kwenye shina la mti kando ya kinjia cha wanyama, hugeuka kuwa mtego.

Sisi tuliokulia Mpanda tunaujua msimu wake. Mvua zikiisha, mahindi yakivunwa, nyasi zikikauka na shule zikifungwa mwezi wa Juni, vijana huingia porini. Tulikuwa tukitega kanga, kwale na sungura. Wala si njaa iliyotupeleka, maana nyumbani ugali na maharage vilikuwapo. Tulifuata raha yake: kuamka kabla ya jua, kwenda kimya kimya mmoja nyuma ya mwingine, kusoma nyayo mchangani na kubishana kama huu ni wa bweha au wa mbwa wa kijijini.

Babu yangu ndiye aliyetufundisha. Yeye alitega kwa kamba ya gome la miti ya miombo, na alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila mtego ukaguliwe kila asubuhi. La pili, siku ukiamua kuacha kutega, ufungue mitego yako yote na kuihesabu. Sisi vijana tuliona huo ni uzee tu.

Mwaka mmoja nikapata waya kwa fundi baiskeli. Nikautega ukingoni mwa shamba, mahali nilipoona nyayo. Siku chache baadaye shule ikafunguliwa, nikarudi bwenini. Ule waya sikuukumbuka tena.

Aliyenaswa alikuwa mbuzi wa jirani yetu, mama mjane. Alipopatikana alikuwa bado hai, mguu wa mbele umekatwa hadi mfupa, na tumboni ana mimba. Ikabidi achinjwe. Hakuna aliyejua mtego ni wa nani, isipokuwa babu, ambaye alilitambua fundo langu. Alimlipa yule mama kwa mbuzi wake mwenyewe, bila kulitaja jina langu kwa mtu. Niliporudi likizo aliniita pembeni, akaniambia maneno machache: "Kamba ya gome, mbuzi yule angeikata."

Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi. Siku ile ndipo nilipoielewa.

Sasa tutoke shambani kwetu, tushike barabara ya kusini hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, nayo ina kilomita za mraba zipatazo 4,471. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hukauka ukabaki madimbwi, na viboko hubanana humo mamia kwa mamia. Nyati, pundamilia na swala nao hufuata maji hayo hayo, na simba na fisi huwafuata wao. Wanyama wote wa pori wakawa wanapita vinjia vichache.

Huo ndio wakati ambao mwenye waya naye hutoka. Anategea swala, lakini waya haumjui swala. Unamkaba simba shingoni, unamkata fisi mguu, unaukata mkonga wa mwanatembo. Mnyama mwenye nguvu huung'oa na kuondoka nao, ukazidi kuzama katika nyama kila siku anayoishi. Na mwenye mtego akiugua, akihama au akiwakimbia askari, waya unabaki pale pale. Kamba ya gome ilioza mvua za kwanza zikinyesha. Waya hukaa miaka, ukiendelea kuua nyama isiyoliwa na mtu. Huko Serengeti hali ilifika mahali ambapo mwaka 2017 kiliundwa kikosi maalumu cha kusaka na kutegua nyaya, nacho kikaziondoa maelfu kwa maelfu.

Wapo watakaoniuliza, mbona kwa wenzetu wa nje kutega ni burudani halali? Ni kweli. Kule Marekani wapo watu ambao kila majira ya baridi, manyoya yanapokuwa mazito, hutoka kumtega mnyama wao aitwaye coyote, wa jamii ya bweha wetu, kwa ajili ya ngozi yake. Lakini tuangalie masharti. Majimbo mengi humtaka mtegaji awe na leseni, atege katika msimu uliowekwa, mtego uwe na jina au namba yake, na aukague kila baada ya muda uliotajwa. Na pamoja na hayo yote wapo wanaopinga. Jimbo la California lilipitisha sheria ya kupiga marufuku utegaji wa ngozi mwaka 2019. Ukiyatazama masharti yale utaona ni ya babu yangu yale yale: mtego uwe na mwenyewe, na mwenyewe aufuate.

Kwetu hapa sheria haina utata. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Nje yake, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali, na kitanzi cha waya kimo katika orodha ya njia zilizokatazwa.

Lakini askari peke yake hawezi kuumaliza waya, kwa sababu waya hauanzii porini. Unaanzia mjini, kwetu sisi. Nani anayeinunua ile nyama iliyokaushwa inayofika usiku ndani ya gunia la mkaa? Ni sisi wenye mishahara na maduka, tunaosema nyama ya ng'ombe imetuchosha. Kijana anafungwa, mke na watoto wanabaki, nasi tunauliza kama wiki ijayo utakuja mzigo mwingine. Na kisingizio hatuna, maana tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Anayetaka kuonja aende huko, adai risiti.

Na vijana je? Hiyo raha ya kiangazi tuwanyang'anye hivi hivi? La hasha. Mkoa wa Katavi una misitu ya miombo, na asali ya Inyonga inajulikana mbali. Mzinga nao ni mtego wa aina yake. Unachagua mti, unaupandisha, unasubiri, unakwenda kuutazama kama nyuki wameingia. Tofauti ni kwamba huyu unayemnasa ana ruhusa ya kutoka, na mwakani atakupa tena. Wazee wanaojua kazi hiyo bado wapo. Tuwakabidhi vijana wakati wangali hai.

Jina la Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mzimu ambao Wabende husimulia kwamba makao yake ni kwenye mkwaju kando ya ziwa, na watu wamekuwa wakienda pale kuomba baraka. Uamini usiamini, fundisho lake liko wazi: wazee wetu walijua kwamba pori lina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni ule waya.

Basi ndugu msikilizaji, kama upo uliouacha mahali, wewe au mwanao, nenda kesho asubuhi ukautegue. Mimi wangu nilichelewa.