Chuma Katika Damu Yetu

Fungueni daftari zenu. Neno letu la leo ni "chuma".

Chuma hiki si cha jembe. Ni madini yaliyomo katika chakula, na mwili huyatumia kutengeneza damu. Yakipungua, mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio, na viganja vyake hupauka.

Chuma kimo katika maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Cha nyama huingia mwilini kwa urahisi. Cha maharage na mboga huingia kwa shida. Basi kamulia mboga yako limau, au kula chungwa pamoja na chakula. Chai huzuia chuma. Ingoje saa moja baada ya kula.

Na vidonge je? Mama mwenye mimba ameze kila siku kama alivyoelezwa kliniki, hata akila vizuri, maana anatengeneza damu yake na ya mtoto. Akijifungua huku damu yake ni kidogo, anaweza kufa. Akiona choo cheusi asiogope wala asiache. Ni kawaida ya vidonge hivyo.

Lakini wewe, bwana uliyechoka, usimeze vidonge vya mkeo. Nenda kwanza ukapimwe damu. Huenda una malaria, au minyoo ya safura inakunyonya.

Tena, wekeni vidonge mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi, anaweza kufa.

Sasa andika: Nani nyumbani kwako anahitaji vidonge, na kwa nini?

Kwaherini.