MAFUTA NA GESI: NANI AAMUE? Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama



Wengi hamkuwahi mkutano wa juzi kwa sababu ya mvua, na waliokuwepo wameomba maneno yaandikwe wayasome kwa utulivu. Haya hapa. Salamu za viongozi tumeziacha.

Suala lililo mbele yetu ni moja. Je, Tawi lipeleke azimio jimboni la kutaka mafuta na gesi asilia yaondolewe kwenye orodha ya Mambo ya Muungano? Au tunyamaze, kwa kuwa wapo wanaosema jambo hili lilikwisha 2015? Sekretarieti ya Tawi inasema tupeleke.

Tuanze na lilikotoka. Hati za Muungano za 1964 zilikuwa na mambo 11. Mafuta na gesi hayakuwemo. Yaliingizwa 1968 kwa sheria ya Bunge la Muungano, na leo ni jambo la 15 katika orodha ya mambo 22 iliyomo kwenye Katiba ya 1977. Vijana wanauliza Baraza la Wawakilishi lilisema nini wakati ule. Halikusema kitu, kwa sababu halikuwepo. Baraza letu limeanza kukaa 1980. Lilipopata nafasi ya kulizungumza waziwazi, Aprili 2009, Wawakilishi wa pande zote waliamua kwa kauli moja kwamba mafuta na gesi yatoke kwenye Muungano. Wanaosema hii ni hoja ya chama fulani waikumbuke siku ile.

Baadaye ikaja Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, ikabakisha mambo 7 ya Muungano, na mafuta hayakuwa miongoni mwake. Lakini mchakato wa Katiba ulikwama. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikufanyika. Ndipo Julai 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Petroli, iliyotamka kwamba shughuli za mafuta na gesi za Zanzibar zitasimamiwa na taasisi za Zanzibar kwa sheria za Zanzibar. Baraza likatunga sheria yake 2016, tukapata mamlaka ya udhibiti na kampuni yetu ya mafuta. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ikatia saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar.

Sasa mtu atauliza: mnataka nini tena?

Tunataka hati. Aliyeruhusiwa kulima shamba kwa maneno ya mwenyewe si sawa na mwenye hati ya shamba. Jambo la 15 bado limo kwenye Katiba. Ibara ya 64 ya Katiba hiyohiyo inasema sheria ya Baraza la Wawakilishi ikigusa jambo lililo kwenye mamlaka ya Bunge ni batili. Kwa hiyo sheria yetu ya 2016 inasimama juu ya sheria ya kawaida ya Bunge, na sheria ya kawaida hufutwa kwa wingi wa kawaida wa kura, hata kama Wabunge wote wa Zanzibar watasema hapana. Kubadilisha orodha ya Muungano ni kazi nyingine kabisa: Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar. Mlango huo ni mzito kufungua, na ukishafunguliwa kwa njia hiyo ni mzito vilevile kufunga. Ndiyo maana tunautaka huo. Mwekezaji mwenye wanasheria wazuri anayaona haya, na akiona mashaka hudai masharti ya kumlinda yeye.

Ya pili ni hesabu, na hapa mtuvumilie kidogo.

Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, mkandarasi kwanza hukata gharama zake, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mikataba mingi huweka kikomo cha kukata. Tufanye mfano wa kubuni: mafuta yameuzwa 100, na tumekubaliana kugawana nusu kwa nusu. Mkandarasi akisema gharama ni 60, inabaki 40, sisi tunapata 20. Akisema gharama ni 70, inabaki 30, tunapata 15. Asilimia ya mkataba haikuguswa hata kidogo na tumeshapoteza robo ya fungu letu. Barazani watu wanabishana juu ya asilimia tu. Sisi tunauliza nani anazikagua risiti: ukodishaji wa meli, mishahara ya wataalamu, ada za ofisi ya nje.

Kwa hiyo azimio letu lina sehemu ya pili: mikataba yote iwekwe mezani Barazani, na gharama za mkandarasi zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar, ripoti ijadiliwe hadharani. Mamlaka yakirudi Zanzibar halafu yakafungiwa kwenye kabati la wizara, mvuvi wa Nungwi na mkulima wa Micheweni hawatoona tofauti.

Kuna wanachama wawili watatu waliotuambia: umeme si jambo la Muungano, mbona tunautegemea Bara? Hoja hii ni nzito na hatuikwepi. Mei 2008 waya wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ukakatika tena Disemba 2009, mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 umekuja 2013 kwa fedha za Marekani, na Pemba imeunganishwa na Tanga 2010 kwa msaada wa Norway. Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza TANESCO iwakatie wadaiwa wote, na Zanzibar ilikuwa inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Baraza lilikuwa na mamlaka kamili juu ya umeme siku ile, lakini swichi na ankara zilikuwa kwa mwengine. Hapa tunakubali: sheria peke yake haiwashi taa. Lakini asiyekuwa na mamlaka hata kupanga hawezi, na gesi ikipatikana kesho, uamuzi wa iuzwe nje au izalishe umeme wetu lazima ufanywe na tuliowachagua sisi.

Na wanaoogopa kwamba tunataka kuvunja Muungano, wasome tena azimio. Tunaomba jambo moja lirudi lilipokuwa 1964, kwa njia ambayo Katiba yenyewe imeiweka.

Rasimu ya azimio itasomwa na kupigiwa kura Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, ofisi ya Tawi. Akidi ni nusu ya wanachama hai, na mara iliyopita tulipungukiwa. Njooni na kadi. Mwenye marekebisho ayaandike na kuyaleta kabla ya Alhamisi jioni. Ya sauti kwenye simu hatutoweza kuyaingiza.

Katibu wa Tawi