Kokoto Kabla ya Kalamu

Mtoto achezaye mdako huchota kokoto moja, kisha mbili, kisha tatu. Hesabu amekwisha kuianza kabla hajaijua tarakimu. Anyang'anywapo kokoto ili apewe daftari, hupokonywa somo lake la kwanza.

Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka wa elimu ya awali kuwa wa lazima, lakini miaka iliyoutangulia hupitia nyumbani. Basi mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Na ashike kitabu cha picha, aulize, “Huyu anafanya nini?” kisha asubiri jibu. Kusubiri huko, kusema kweli, ndiko kugumu. Kitabu kikikosekana, upo mfuko wa unga: huenda herufi ya kwanza ya jina la mtoto imeandikwa hapo.