Mwamba na Msamiati: Jiolojia ya Unguja katika Lugha ya Kiswahili



Mada yangu jioni hii yaweza kudhaniwa kuwa ni ya wanajiolojia. Hata hivyo, naamini kwamba msamiati wa jamii haueleweki barabara bila kuitazama ardhi ambayo jamii hiyo huilima na kuijengea. Nitatoa mfano wa kisiwa cha Unguja.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji ya mvua hupenya upesi mwambani, na udongo ni haba. Upande wa magharibi, udongo una kina. Wakulima hawakungoja mtaalamu awabainishie tofauti hizo. Udongo mwekundu wenye kina waliuita kinongo. Ule unaonata, kinamo. Udongo mwembamba juu ya mwamba, uwanda. Na mahali ambapo mbegu hutiwa katika mianya ya mawe, maweni. Tazameni jinsi neno uwanda, ambalo kwingineko humaanisha mahali palipo wazi na tambarare, lilivyopewa hapa maana mahususi. Watafiti wa udongo wa zama za ukoloni waliyatumia majina haya haya.

Mgawanyo wa ardhi ulikuwa pia mgawanyo wa watu. Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu, yaliyohudumiwa na watumwa, yalienea penye udongo wenye kina. Wahadimu walibakia zaidi upande wa uwanda, wakilima mihogo, mtama na kunde, na wakivua.

Mwamba huo huo ulijenga miji. Mawe yake yalichongwa, na mengine yakachomwa kupata chokaa. Katika msikiti wa Kizimkazi yamo maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Nyumba ya mawe ikawa alama ya uungwana, tofauti na kibanda cha udongo.

Leo hali imegeuka. Uwanda uliodharauliwa unagombewa kwa sababu ya fukwe zake, na mahali pa jembe panasimama hoteli. Neno likikosa mtumiaji, hupotea pamoja na ujuzi uliomo ndani yake: anayejua neno udongo peke yake hataweza kueleza kwa nini muhogo hustawi hapa na mkarafuu ukafa.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu: msikusanye maneno kutoka vitabuni tu. Fuataneni na wakulima, wake kwa waume, hadi kondeni, muulize jina la kila udongo na sababu ya jina hilo, kisha muyaandike wangali hai wayajuao.