Dawa ya Kikohozi Inayolevya

Leo nina ombi kabla hatujaanza. Nenda kwenye kabati au kikapu unamoweka dawa, utoe chupa ya dawa ya kikohozi uliyo nayo. Ishike mkononi tunapozungumza.

Tazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa hiyo. Tafuta neno linaloandikwa hivi: c, o, d, e, i, n, e. Hiyo ndiyo kodeini. Kama ipo, sikiliza kwa makini. Kama haipo, sikiliza vilevile, maana huenda kesho ukauziwa.

Kodeini ni nini? Ni dawa ya ukoo wa afyuni, ambayo wazee waliiita kasumba. Ndugu yake ni mofini, dawa kali ya maumivu inayotumiwa hospitalini. Hata heroini, ule unga unaowaangamiza vijana wetu, hutengenezwa kutokana na mofini. Kuna pia tramadoli, kidonge cha maumivu kilichotengenezwa na binadamu, lakini hufanya kazi mwilini kama hao ndugu zake.

Najua mama mmoja huko nyumbani anauliza, "Sasa kama ni hatari, mbona inauzwa dukani?" Ni swali zuri. Kodeini na tramadoli ni dawa halali. Zina kazi yake, zikiandikwa na daktari, kwa mgonjwa anayefaa, kwa siku chache. Lakini halali si sawa na salama. Kisu pia huuzwa dukani, na hakuna anayempa mtoto achezee. Shida huanza dawa hizi zinapouzwa bila cheti cha daktari, na sisi tukazinywa kama maji.

Tuanze na mtoto mdogo. Mtoto amekohoa usiku kucha, nawe umechoka. Jirani anakwambia, "Mpe ile dawa inayolaza." Unampa kijiko, analala. Unashukuru Mungu. Lakini je, unajua kwa nini amelala? Kodeini ikiingia mwilini, ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini. Mofini hutuliza kikohozi na maumivu, lakini pia hupunguza kasi ya kupumua. Na watu hatufanani. Wako ambao miili yao huigeuza haraka kupita kiasi, na huwezi kuwatambua kwa macho. Kwa mtoto kama huyo, hata kipimo cha kawaida chaweza kumfanya apumue polepole mpaka pumzi ikatike usingizini.

Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba kodeini isipewe mtoto wa chini ya miaka 12, iwe kwa kikohozi au kwa maumivu. Ilishauri pia kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli, kwa sababu dawa hupitia kwenye maziwa na kumfikia mtoto.

Basi mtoto akikohoa ufanye nini? Kikohozi cha mafua mara nyingi huisha chenyewe. Endelea kumnyonyesha, na aliye mkubwa mpe vinywaji vya vuguvugu. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifikisha 40 au zaidi, mpeleke hospitali. Mpeleke pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, kwa mtoto au mtu mzima, nendeni mkapimwe kifua kikuu.

Sasa tumgeukie kijana. Chupa ile ile uliyomnunulia mdogo wake, yeye anaweza kuinywa yote kwa mara moja, pengine ameichanganya na soda. Wengine humeza tramadoli wapate nguvu za kazi au za kuendesha pikipiki usiku. Mwanzoni huona raha. Baada ya muda mwili huizoea, naye huongeza kipimo apate raha ile ile. Mwishowe hanywi tena ili afurahi, anakunywa ili asiugue. Huo ndio uraibu. Nchini Nigeria tatizo hili lilikuwa kubwa hata mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku kutengeneza na kuingiza nchini dawa za kikohozi zenye kodeini.

Mama, utajuaje? Angalia chupa tupu chini ya godoro. Angalia kijana anayesinzia mchana, anayejikuna mara kwa mara, anayekosa choo kwa siku nyingi, na pesa zinazopotea nyumbani. Akiikosa dawa, hutokwa na kamasi na machozi, huharisha, viungo humuuma, na hapati usingizi. Unaweza kudhani ni malaria.

Na wewe mama, usijisahau. Vidonge vingi vya maumivu huchanganya kodeini na parasetamoli. Ukivimeza kila siku kwa ajili ya mgongo au kichwa, kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya vidonge vyenyewe, nawe ukazidi kumeza. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Tramadoli ikizidi huweza kuleta degedege hata kwa mtu mzima. Na zote mbili, kodeini na tramadoli, zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, huua.

Ukimkuta mtu amelala fofofo haamki, anapumua polepole au anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usingoje asubuhi. Mlaze kwa ubavu, usimpe maziwa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na ubebe ile chupa au pakiti. Iko dawa ya kuirudisha pumzi, lakini ni lazima afike mapema.

Na ukigundua mwanao ameshikwa na dawa hizi, usimpige, usimfukuze, usimtangaze mtaani. Uraibu ni ugonjwa, na hutibika. Kaa naye wakati ametulia, umwambie ulichokiona na kwamba utafuatana naye kutafuta msaada. Nendeni kituo cha afya, au pigeni simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Usimlazimishe kuacha ghafla peke yake nyumbani. Na ujue jambo hili: aliyeacha kwa siku kadhaa kisha akarudia kipimo chake cha zamani yuko hatarini zaidi, kwa maana mwili umekwisha kukisahau.

Basi akina mama, tushike mambo manne. Kwanza, ukinunua dawa, muulize mwuzaji, "Hii ina kodeini?" Pili, usimpe mtoto dawa ili alale. Tatu, dawa zote zifungiwe mahali pa juu, na usimpe jirani dawa uliyoandikiwa wewe. Nne, chupa iliyobaki yenye kodeini irudishe kwenye duka la dawa au hospitali.

Chupa uliyoishika mkononi, usiirudishe kabatini kabla ya kuisoma. Kama macho hayaoni vizuri, mwite mtoto wa shule akusomee. Naye atakuwa amejifunza.

Mlale salama, na watoto wenu wapumue vyema.